Meza ya kukatia chuma inakusumbua? Kagua meza kabla hujalaumu jiwe

Geti lile lilikuwa la skwea paipu (bomba la pembe nne) ya milimita 40 kwa 40, kona nne zilizokatwa nyuzi 45, na kona mbili kati ya hizo zilikataa kukutana. Kwa ndani chuma kiligusana vizuri. Kwa nje pakabaki uwazi ambao sarafu ya shilingi 200 iliingia ikasimama bila kushikwa. Nikajaza kwa elektrodi, nikasaga kwa grenda, nikapiga rangi, geti likaenda kwa mwenyewe. Wiki hiyo hiyo nilibadilisha mawe matatu ya kukatia, yaani zile diski za mashine zinazokata chuma kwa kuzunguka, kila moja la chapa yake, nikiamini jiwe ndilo linaloenda upande. Jiwe halikuwa na kosa. Meza niliyoiunda kwa mikono yangu ilikuwa imejipinda milimita 4 kwenye kona moja, na mashine niliyoifunga juu yake kwa bolti nne ilijipinda pamoja nayo.

Meza ni sehemu ya mashine. Fundi anayefungua karakana hutoa pesa nyingi kununua mashine ya inchi 14, kisha anaiweka juu ya meza iliyounganishwa jioni moja kwa mabaki ya kazi nyingine. Baada ya hapo kila mkato mbaya unalaumiwa kwa jiwe, kwa sababu jiwe ndilo linaloonekana likizunguka. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini nitaanza na ukaguzi usiokugharimu kitu, kisha ndipo tufike dukani.

Meza ninayoizungumzia ni hii: miguu ya skwea paipu 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 3, bamba la milimita 6 juu, mashine ya kukatia katikati, na mikono miwili ya kuegemeza chuma kirefu kulia na kushoto. Jiwe ni la inchi 14, yaani milimita 355, tundu lake milimita 25.4, unene karibu 3. Wapo pia wanaounda mashine yao yote, wakafunga mota, puli na mikanda chini ya meza. Hao nao wana sehemu yao humu.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Usitegemee swichi, chomoa plagi kabisa na uiweke mahali unapoiona. Kipimo karibu chote kilichoandikwa hapa kinafanywa jiwe likiwa limesimama.

Mkato hauko skwea

Mkato usio skwea, yaani usiokaa nyuzi 90, ndiyo dalili inayoleta hasara kubwa, maana kosa dogo huku hukua kule. Nyuzi moja ya kosa kwenye bomba la milimita 50 ni kama milimita 0.9 tu, huwezi kuiona kwa macho. Ukiunganisha hapo mhimili wa geti wa mita 2, ncha ya juu inakwenda upande sentimita 3 na nusu.

Usipime mkato kwa skwea peke yake, kwa sababu skwea nyingi za dukani zenyewe zimechoka. Fanya hivi. Kata kipande cha skwea paipu ya 50 kwa 50. Vipande viwili vilivyotoka viweke kwenye ukingo ulionyooka kama vilivyokuwa kabla ya kukatwa, halafu kimoja kizungushe nusu mzunguko kwenye urefu wake, yaani upande uliokuwa juu uwe chini. Visukume vikutane tena. Kama mkato ni skwea, vitakutana kila mahali. Kama si skwea, utaona uwazi, na uwazi huo ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo hata kosa dogo linajionyesha.

Sasa angalia uwazi uko wapi. Ukiwa juu au chini, jiwe limelala: halishuki wima. Ukiwa mbele au nyuma, kiegemeo cha jiliwa (ule ukuta wa kibanio ambao chuma hukazwa dhidi yake) hakiko kwenye pembe yake. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani, ndiyo maana fundi anayelegeza na kukaza kiegemeo kutwa nzima bila kujua uwazi uko upande gani anaweza kumaliza siku bila kupona.

Tuanze na jiwe lililolala. Chanzo cha kwanza ni kitako cha mashine kujipinda. Vitako vya mashine nyingi hizi ni bati lililokunjwa, si chuma cha kumimina, na ukivikaza kwa bolti juu ya bamba lisilo sawa vinalifuata bamba. Legeza bolti moja huku umeweka kidole kwenye ungio la kitako na meza. Ukisikia kona inainuka, umempata mwizi. Ikaze tena, uende kwenye ya pili, mpaka zote nne. Kona iliyoinuka iwekee chini yake kipande cha bati la kuezekea. Geji 28 ni chini ya nusu milimita, unaweza kupanga viwili au vitatu. Kisha kaza zote kidogo kidogo kwa mshazari. Mimi siku hizi sikazi bolti hizo kwa nguvu zote. Naweka washa ya springi na nakaza mpaka ilale, basi.

Chanzo cha pili ni mchezo, yaani ulegevu, kwenye pini ambayo mkono wa mashine unageukia. Inua mkono nusu, shika karibu na jiwe, sukuma kushoto na kulia bila nguvu nyingi. Pini yenye bushi mbili (vijibomba vinavyoishika) zilizoachana sentimita 10 ikiwa na mchezo wa sehemu 2 za kumi za milimita, kwenye jiwe lililo sentimita 30 kutoka hapo mchezo huo unakuwa kama mara tatu. Hapo hakuna marekebisho ya meza yatakayosaidia. Toa pini, itazame kama imeliwa, badilisha bushi au tengeneza pini mpya kwa fundi wa lathe. Wengine huweka bati ndani ya bushi. Linakaa wiki, kisha linasagika na vumbi lake linamaliza kilichobaki.

Chanzo cha tatu ni mkono wa mkataji. Jiwe la milimita 3 linapinda. Ukilazimisha chini kwa haraka, hasa kwenye bomba nene, jiwe linatafuta njia rahisi na linaingia kwa upinde. Dalili yake ni hii: mkato si bapa bali una tumbo. Weka ukingo wa rula kwenye uso wa mkato dhidi ya mwanga. Mwanga ukipita pembeni tu au katikati tu, mashine iko sawa, punguza nguvu.

Uwazi ukiwa mbele au nyuma, tatizo ni kiegemeo. Usiamini namba za nyuzi zilizopigwa kwenye jiliwa, hizo ni za makadirio. Teremsha mkono, weka skwea moja iguse kiegemeo na iguse ubavu wa jiwe sehemu isiyo na lebo, rekebisha, kaza, kisha kata na urudie kipimo cha kugeuza. Ukishapata nyuzi 90 iliyo sahihi toboa tundu la milimita 8 kupitia kiegemeo na kitako, uweke pini. Fanya hivyo hivyo kwa 45. Pini hizo mbili ndizo zilizonipa kona nzuri za mageti kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua.

Kuna jambo la mwisho hapa, ambalo linahusu meza moja kwa moja. Skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 ina uzito wa zaidi ya kilo 2 kwa mita, na bomba zima la mita 6 linakaribia kilo 14. Likining'inia nje ya jiliwa bila mkono wa kuliegemeza, linainuka kwenye kiegemeo hata ukikaza vipi, na mkato unatoka wa mshazari. Mkono wa upande wa bomba refu uwe na kimo sawa kabisa na sakafu ya jiliwa. Nyoosha uzi kutoka ncha ya mkono huo hadi ukingo wa mbali wa jiliwa. Uzi uguse kote.

Meza yenyewe imejipinda: utajuaje

Kifaa cha pima maji hakitoshi, kwa sababu meza inaweza kuonyesha sawa kwenye kila ukingo kwa macho yako na bado ikawa imejisokota. Chukua nyuzi mbili, uzivute kutoka kona hadi kona kwa mshazari, zipishane katikati. Zikigusana bila kusukumana, meza ni bapa. Zikiachana, pima ule uwazi wa katikati: mpindo wa kona ni mara mbili yake. Kisha badilisha, uzi wa chini uwe wa juu, maana upande mmoja unaweza kukudanganya kwa kusukumana bila kuonyesha.

Mpindo huu karibu kila mara unaletwa na kuchomelea. Chuma kilichoyeyuka kikipoa kinajivuta, na ukichomelea upande mmoja wote kwanza kinavuta fremu kuelekea huko. Ndivyo nilivyofanya mimi: nilizungushia bamba la juu mshono mzima, kuanzia kona moja hadi kurudi pale pale, kwa sababu nilitaka lishike. Bamba la milimita 6 halihitaji hayo. Mishono mifupi ya sentimita 2 na nusu hadi 3, kila baada ya sentimita 15, inatosha kabisa, na uruke: moja mbele, inayofuata nyuma upande wa pili, kisha kushoto, kisha kulia. Fremu nayo ishikizwe kwanza kwa nukta kila kona, ipimwe mishazari miwili iwe sawa, ndipo ichomelewe moja kwa moja.

Meza ambayo tayari imejipinda haitupwi. Kata kwa grenda mishono ya bamba upande uliovutwa, kata ungio la mguu mmoja wa kona mbaya, funga fremu kwa klampu juu ya sakafu uliyoikagua, shikiza kwa nukta, rudia nyuzi mbili. Zikigusana ndipo uchomelee kwa kuruka.

Na miguu minne juu ya sakafu ya karakana haitulii hata siku moja. Chomelea nati ya milimita 16 chini ya kila mguu na uingize bolti yenye kichwa chini. Hizo ndizo nyayo zako za kurekebisha. Kazi ya nusu saa.

Jiwe linabanwa, mashine inaruka au jiwe linapasuka

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hii ndiyo dalili inayoumiza watu.

Jiwe linabanwa pale mkato unapojifunga juu yake. Jiwe linakata kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo chuma kilichobaki ni kile cha chini. Kama kipande kinachokatwa kimeegemezwa nje kwenye kitu kilicho juu kuliko jiliwa, uzito wa katikati unazama, midomo miwili ya mkato inakutana juu na inalishika jiwe. Matofali mawili na kipande cha ubao vilivyowekwa haraka kama egemeo ndiyo chanzo nilichokiona mara nyingi kuliko vyote. Egemeo la upande wa kipande kinachoanguka liwe chini kuliko sakafu ya jiliwa kwa milimita 1 au 2, ili mkato ufunguke unapokaribia kuisha. Upande wa bomba refu ndio uwe sawa na jiliwa. Na kipande kinachoanguka kisifungwe kamwe. Ukikaza pande zote mbili umelitengenezea jiwe mtego.

Kingine ni jiliwa lisilokaza wima. Chuma cha pembe kikiwekwa mguu mmoja umelala na mwingine umesimama, jiliwa linashika ncha tu na chuma kinazunguka jiwe linapofika kwenye mguu uliolala. Kigeuze kilale kama paa la nyumba, kona juu, miguu miwili chini. Jiliwa linashika vizuri, na jiwe linakutana na chuma kidogo kidogo badala ya kukutana na uso mpana ghafla. Nondo ikatwe moja moja, au fungu lililofungwa kwa waya na kukazwa kwa kipande cha ubao katikati. Nondo ya nyuma ambayo haikushikwa itazunguka.

Likipasuka jiwe, usiweke jingine mara moja. Angalia flanji mbili zinazolibana: ziwe na kipenyo sawa, safi, bila kutu iliyoota wala kipande cha jiwe la zamani kilichoganda. Angalia tundu. Kuna mawe ya tundu la milimita 32, na wapo wanaoyafunga kwenye shafti ya 25.4 kwa kuzungushia waya au bati. Jiwe linakaa upande mmoja, linakula kama yai, linatetemeka, mwisho linaachia. Nunua la tundu lako.

Soma pia pete ya chuma iliyo katikati ya jiwe. Tarehe iliyopigwa pale ni ya mwisho wa matumizi. Kwa viwango vya Ulaya mawe haya ya gundi yanapewa miaka 3 tu tangu yatengenezwe, kwa sababu gundi inachoka na inanyonya unyevu. Sisi tulio mwambao, Tanga, Mombasa, Unguja, jiwe lililosimama ukutani miezi kadhaa kwenye stoo yenye unyevu si la kuaminiwa. Yalaze bapa, pakavu, juu ya kipande cha bamba. Kuligonga jiwe ili usikie mlio ni kipimo cha mawe ya kusagia ya kauri. Hili la kukatia lina nyuzi za fibre ndani na halitakupa mlio ule, kwa hiyo litazame kwa macho na ulipinde kidogo kwa vidole ukitafuta ufa kwenye ukingo.

Jiwe jipya, popote lilikotoka, liache lizunguke dakika moja bila kukata, kava likiwa mahali pake na wewe ukiwa umesimama pembeni, si kwenye mstari wa jiwe. Kava lililotolewa ili kuona mstari wa kukatia lirudishwe leo.

Jiwe linakwisha haraka, au haliishi lakini halikati

Dalili mbili zinazopingana, na mara nyingi chanzo chake ni cha aina moja: jiwe na kasi havipatani.

Kwenye lebo utaona herufi na namba kama A 30 S BF. A ni chembe za oksidi ya alumini, za chuma. C ni za mawe na zege, usizitumie kwenye chuma. 30 ni ukubwa wa chembe, namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Herufi inayofuata ni ugumu wa gundi, kuanzia laini mwanzoni mwa alfabeti hadi ngumu mwishoni. BF ni gundi ya resini iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za fibre. Jiwe gumu likikutana na chuma kigumu au kinene, chembe zinakufa butu lakini gundi haiziachii, uso unang'aa kama kioo, na unabaki kusukuma moto tu. Jiwe laini mno kwenye bomba jembamba linaliwa kama chaki.

Jiwe linalong'aa linaweza kuwa halina kosa lolote. Huenda unakata flatibaa (chuma bapa) ya milimita 100 ikiwa imelala, jiwe linagusa milimita 100 zote kwa pamoja, na nguvu yako inagawanyika. Isimamishe kwa ukingo, litagusa unene wake tu. Kwenye skwea paipu kubwa utaona jiwe linakwenda vizuri, kisha linasita linapofika ukuta wa chini. Hapo ongeza mkandamizo kidogo badala ya kulipapasa. Kupapasa ndiko kunakolipaka kioo.

Kasi sasa. Mawe mengi ya inchi 14 yameandikwa mita 80 kwa sekunde, na msitari mwekundu ndiyo alama yake. Kwa milimita 355 hiyo ni kama mizunguko 4,300 kwa dakika, na usiivuke. Mashine nyingi za dukani huzunguka karibu 3,800, jiwe jipya linapata kama mita 70 kwa sekunde. Jiwe likishaliwa mpaka milimita 250, kasi ile ile ya shafti inatoa chini ya mita 50. Kwa hiyo jiwe lililobaki dogo kukata polepole na kuisha haraka ni kawaida yake.

Waliounda mashine kwa mota na mkanda ndio wanaokosea hapa. Mota ya poli 2 kwenye umeme wetu wa hezi 50 inazunguka karibu 2,880. Puli ya milimita 130 kwenye mota na ya 100 kwenye shafti ya jiwe inakupa kama 3,740. Sawa kabisa. Fundi mwingine anapata mota ya poli 4, ya 1,440, anaiweka na puli zile zile, na jiwe linazunguka 1,870. Linang'ata badala ya kukata, na linaisha kabla ya mchana. Soma kibati cha mota kabla ya kununua puli. Na kama ni mota ya 2,880, usiweke puli kubwa zaidi kwa tamaa ya kasi: puli ya 160 juu ya ile ya 100 inakupeleka 4,600, juu ya kikomo cha jiwe.

Msumeno wa meno kwenye mashine ya jiwe

Nimeulizwa hili mara nyingi: kwa kuwa msumeno wa meno wa kukatia chuma, ule wa milimita 355 wenye meno ya kabaidi, unakata safi bila cheche nyingi, kwa nini nisiufunge kwenye mashine yangu? Kwa sababu umetengenezwa kwa mashine za mizunguko kama 1,300 hadi 1,500. Ukiufunga kwenye 3,800 meno yanaungua na kung'oka, na jino linalong'oka kwa kasi ya mita 70 kwa sekunde halichagui pa kwenda. Tundu kuingia si ruhusa. Soma kasi iliyoandikwa kwenye msumeno. Ukiutaka, nunua mashine yake.

Mtetemo na kelele mpya

Toa jiwe, washa mashine tupu. Mtetemo ukiisha, ni jiwe au flanji. Ukibaki, ni beringi, shafti au mkanda. Beringi iliyokufa unaisikia ukizungusha shafti kwa mkono polepole: kunakuwa na mkwaruzo kama mchanga. Puli zisizo kwenye mstari mmoja zinaacha vumbi jeusi la mkanda chini ya meza. Weka rula ndefu kwenye nyuso za puli zote mbili, iguse sehemu nne. Meza inayotetemeka wakati mashine tupu imetulia ni nyepesi mno au mguu mmoja uko hewani. Rudi kwenye zile nati za miguuni.

Mashine inakosa nguvu, inanuka, au breka inakata

Mashine ya wati 2,200 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 10, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi ya hapo. Waya wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 30 unapoteza kama volti 11 kwenye ampea 10. Wa 2.5 unapoteza kama 4 na nusu. Ikiwa umeme unaofika karakanani wenyewe ni mdogo, hasara hiyo ndiyo inayoiua mashine. Kwenye volti 180 nguvu inashuka hadi kama asilimia 60, fundi anasukuma zaidi kufidia, na mota inachemka. Pima volti kwenye soketi mashine ikiwa inakata, si ikiwa imezimwa. Tumia waya wa 2.5, na ekstensheni ya roli uifungue yote, maana iliyojikunja inapika ganda lake.

Kama volti ni nzuri, fungua vifuniko vya pembeni utazame kaboni, zile brashi mbili zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikibaki milimita 5 au 6, badilisha zote mbili kwa pamoja. Cheche nyingi zinazozunguka duara zima la komuteta (pete ya shaba ambayo kaboni huigusa) baada ya kaboni mpya zina maana ya kumpelekea fundi wa mota.

Meza ya chuma iwe na waya wa ethi, hasa yenye mota iliyofungwa chini. Ukihisi kuchezwa na umeme kidogo ukiigusa bila viatu, simamisha kazi hapo hapo.

Cheche zinakuja usoni

Kwenye mashine iliyo sahihi, chini ya jiwe panakwenda nyuma, mbali nawe, na cheche zinafuata huko. Zikikujia ghafla baada ya mota ya fezi tatu kuhamishwa au kuungwa upya, fezi zimepishana. Hamisha nyaya mbili zozote kati ya tatu, na kabla ya kuwasha kagua nati ya jiwe, kwa sababu mzunguko wa kinyume unaweza kuwa umeilegeza. Kama mzunguko uko sawa na cheche bado zinatawanyika, tengeneza sanduku la bati nyuma ya meza, lielekeze chini kwenye debe lenye mchanga. Marekani kanuni ya kazi za moto hutaka vitu vinavyoshika moto viondolewe umbali wa futi 35, kama mita 11. Karakana zetu za Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, hazina nafasi hiyo, ndiyo maana sanduku ni la lazima, na matambara ya mafuta, tina na petroli vitoke kabisa chumba hicho.

Ukingo wa bluu na vijichuma vilivyoganda

Rangi ya bluu ina maana chuma kilifika karibu nyuzi joto 300. Kwenye bomba la geti haina madhara makubwa. Kwenye kipande utakachotoboa au kutengeneza nyuzi za bolti, ujue ukingo unaweza kuwa mgumu zaidi kama chuma kina kaboni nyingi. Chanzo ni jiwe lililong'aa au mkono unaopapasa. Vijichuma vinavyoganda chini ya mkato vitakuwepo daima kwa jiwe, visage kabla ya kupima urefu. Wengi wanaosema vipande vyao havilingani wanapima kijichuma. Wengine stopa yao, kile kizuizi cha kupimia urefu, ni kipande cha chuma kilichobanwa kwa klampu moja, na kila bomba linaloigonga linaisogeza. Stopa ikazwe kwa bolti mbili, na iachie nafasi chini vumbi lisijikusanye kati yake na bomba.

Alumini usiikate kwa jiwe la chuma. Inajaza matundu ya jiwe, na vumbi lake likichanganyika na kutu linawaka vibaya. Bomba lenye zinki likate penye hewa. Ukipata baridi na homa saa chache baadaye, kapime malaria na umwambie daktari ulikuwa unakata nini, maana moshi wa zinki nao huleta homa kama hiyo.

Meza yangu niliifungua kona ile mbaya Jumamosi mchana. Nikakata mishono sita ya bamba, nikaachia mguu, fremu ikaruka yenyewe kwa mlio mdogo. Nikafunga klampu, nikavuta nyuzi mbili mpaka zikagusana, nikachomelea kwa kuruka, nikasubiri ipoe kabisa kabla ya kurudisha mashine. Kona moja ya kitako bado ilihitaji bati moja la geji 28. Kisha nikakata skwea paipu ya 50, nikageuza kipande, nikavisukuma vikutane, na karatasi ya daftari niliyojaribu kuipitisha kati yake haikupita upande wowote.